Nani Amesema "Nakubali"? Umbo la Ridhaa katika Ilani za Vidakuzi za Tovuti za Kiswahili

Ikisiri

Anayefungua tovuti hukutana na ilani fupi inayomtaka aamue kuhusu vidakuzi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi huichukulia hatua yake ya kubofya kitufe kuwa ni ridhaa. Makala haya yanazichunguza ilani hizo kwa jicho la lugha. Kwa kuongozwa na nadharia ya vitendo-uneni ya Austin (1962) na Searle (1969), yanaichora ridhaa kama kauli yenye washiriki sita, kisha yanatazama namna kila mshiriki anavyodhihirishwa au anavyofichwa na sarufi ya Kiswahili. Inadaiwa humu kwamba kitufe kilichoandikwa "Kubali" hakimpi mtumiaji nafasi ya kuitamka ridhaa yake. Humwamuru tu aridhie. Aidha, inaoneshwa kwamba viambishi vya kitenzi cha Kiswahili vinatosha kuibeba ridhaa kamili iwapo waandishi wa ilani watavitumia.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayefungua gazeti la Kiswahili katika simu yake mara nyingi haanzi na habari. Huanza na kijisanduku kilichofunika sehemu ya ukurasa, chenye sentensi mbili tatu kuhusu vidakuzi na kitufe kimoja kikubwa chenye rangi ya kung'aa. Hukibofya ili aione habari aliyoifuata. Tendo hilo la sekunde moja ndilo ambalo baadaye, shauri likitokea, mwenye tovuti ataliwasilisha kuwa ushahidi kwamba msomaji aliridhia taarifa zake zikusanywe.

Uzito wa ushahidi huo si mdogo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inaifasili ridhaa kuwa ni onesho la matakwa ya mhusika lililo bayana, lisilo na utata, la hiari, mahususi na la mtu aliyefahamishwa, linalotolewa kwa kauli au kwa tendo la wazi. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kuwa ridhaa ilitolewa. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tovuti za Kiswahili zinazoendeshwa kutoka Ulaya hubanwa na Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutekelezwa tarehe 25 Mei 2018, na anayezisoma fasili ya Ulaya na ile ya Kenya sambamba hakosi kuuona undugu wake.

Wataalamu wa kompyuta huiwakilisha ridhaa hiyo kwa modeli inayoishia kwenye tarakimu: 1 kwa aliyeridhia, 0 kwa asiyeridhia. Kwa mashine, hilo linatosha. Kwa mwanaisimu, kazi iko kabla ya tarakimu hiyo, mahali ambapo maneno fulani yalisemwa, au yalidhaniwa kuwa yamesemwa, na mtu fulani. Ikiwa maneno hayakusemwa na anayedaiwa kuyasema, tarakimu iliyohifadhiwa haina ilichokihifadhi.

Mifano inayotumika humu imetungwa kwa kufuata miundo inayozoeleka katika ilani za aina hii. Hakuna tovuti mahususi inayolengwa.

2.0 Kidakuzi: kitu na jina lake

Mfumo unaosafirisha kurasa za wavuti uliundwa bila kumbukumbu. Kivinjari huomba ukurasa, seva huutoa, na baada ya hapo seva haina njia ya kujua kwamba ombi linalofuata limetoka kwa mtu yuleyule. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alipendekeza suluhisho: seva iambatishe kwenye jibu lake mstari mfupi wenye jina na thamani, kivinjari kiuhifadhi, kisha kiurudishe kila kinapoiendea tena seva hiyo. Mstari huo ndio kidakuzi. Huweza kuwekewa tarehe ya kwisha, anwani inakoruhusiwa kurudishwa, na sharti la kusafirishwa kwa njia iliyofungwa kwa usimbaji peke yake. Ndio unaoliwezesha duka la mtandaoni kukumbuka bidhaa zilizomo kikapuni. Ndio pia unaoiwezesha kampuni ya matangazo, ambayo picha yake ndogo imepachikwa katika tovuti elfu, kumtambua msomaji mmoja kila anapokanyaga.

Jina la Kiingereza la kitu hiki ni la biskuti, nalo lilitokana na msemo wa watunga programu wa zamani kuhusu kifurushi kidogo cha data kinachokabidhiwa na kurudishwa bila kufunguliwa. Ni jina tamu lisilomtisha mtu. Kiswahili hakikulifuata. Ingawa wapo wanaosema "kuki", istilahi iliyoenea katika programu zilizotafsiriwa ni kidakuzi, wingi vidakuzi, na mzizi wake si mgeni kwa msomaji: ni ule wa udaku, neno linaloyataja magazeti ya umbeya, na wa mdakuzi, mtu anayechungulia mambo ya wenzake na kuyatoa nje. Kwa bahati au kwa kusudi, mtafsiri alikipa kifaa hiki jina linalosema ukweli kukihusu kuliko lile la asili.

Hata hivyo, ngeli imepunguza makali ya jina. Mdakuzi yumo katika ngeli ya YU-A-WA. Ana nia, ana ulimi, huweza kuulizwa kwa nini anadakua. Kidakuzi kimo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vifaa na ya udogo, pamoja na kijiko, kibanio na kijikaratasi. Kwa kubadili kiambishi kimoja, mchunguzi amegeuka kuwa chombo, na chombo hakiulizwi. Swali ambalo ilani ingepaswa kulijibu ni nani aliyekishika: mdakuzi wa vidakuzi hivi ni nani?

Jambo la pili linahusu mahali. Ilani nyingi huanza kwa kumkaribisha msomaji: "Karibu kwenye tovuti yetu." Ukaribisho huo humfanya aliye nje kuwa msomaji na mwenye nyumba kuwa tovuti, na mgeni mwenye adabu hahoji taratibu za mwenyeji. Lakini kidakuzi hakihifadhiwi kwenye tovuti. Huhifadhiwa ndani ya simu au kompyuta ya msomaji. Kwa habari ya kidakuzi, mwenye nyumba ni msomaji, na tovuti ndiyo iliyosimama mlangoni. Iliyostahili kupiga hodi imetangulia kusema karibu.

3.0 Ridhaa kama kauli

Austin (1962) alionesha kwamba zipo kauli ambazo kuzisema ni kutenda: anayesema "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. Searle (1969) akaendelea kuyapanga masharti ambayo kauli ya namna hiyo huyahitaji ili ifanikiwe. Ridhaa ni kauli ya jamii hiyo. Haiwi kweli wala uongo; inatimia au haitimii.

Lugha ya Kiswahili ina msamiati mpana wa jambo hili, na maneno yake hayalingani. Ridhaa, yenye mzizi mmoja na radhi, ni hali ya moyo. Mtu huridhia ndani kabla hajasema kitu. Idhini na ruhusa hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa anayeomba: mwanafunzi hupewa ruhusa, hampi mwalimu. Kubali hudokeza kuwa kuna kilichotangulia kutolewa na mwingine, kama posa au bei. Tena kubali ina maana ya pili, ya kukiri: mshtakiwa amekubali kosa. Kwa hiyo sentensi "Nakubali sera ya faragha" inaweza kusomwa kuwa msemaji anairidhia sera hiyo, au kuwa anakiri tu kwamba ipo. Lugha ya sheria imelichagua neno ridhaa, na ni chaguo zuri kwa jina la dhana. Kwa kitenzi cha kutendea ridhaa hiyo, ruhusu kinafaa zaidi ya kubali, kwa kuwa humweka msemaji katika nafasi ya mwenye mamlaka juu ya kilicho chake. Simu zinazotumia Kiswahili tayari huuliza kama programu iruhusiwe kutumia kamera; haziulizi kama kamera ikubaliwe.

Mfano wa ridhaa iliyokamilika haupo mbali. Katika ndoa ya Kiislamu ya mwambao, walii au mwakilishi wake akishaozesha, bwana harusi hujibu kwa kinywa chake kwamba amekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari waliyopatana. Akitetemeka na kusema nusu, huambiwa arudie. Mashahidi husikiliza kila kipande: nani anasema, anamkubali nani, kwa mahari gani. Kadhi huweza kumfundisha maneno, lakini hawezi kuyasema kwa niaba yake na kuyahesabu kuwa yake.

Mapokeo hayohayo ya fikihi yanautambua ukimya wa mwari anapoulizwa kuwa ni idhini, jambo linaloweza kuonekana kwenda kinyume na sheria za leo za data, ambazo zimekataa kabisa kuuhesabu ukimya. Tofauti iko kwenye kuulizwa. Mwari huulizwa na mtu anayemjua, kuhusu mchumba aliyetajwa kwa jina, na yeyote aliyepo anaona kwamba swali limemfikia. Anayepita kwenye ukurasa wa wavuti huenda hajui kwamba ameulizwa.

Kutokana na hayo, ridhaa ya taarifa inaweza kuchorwa kuwa kauli yenye washiriki sita: mtoa ridhaa, mpewa ridhaa, taarifa inayohusika, dhumuni, muda, na wapokeaji wengine watakaoifikia taarifa hiyo. Wawili wa mwisho hawakuongezwa kwa kupenda ukamilifu. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la Planet49, kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni mwaka 2013. Ili kushiriki, mtu alikutana na visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa kitupu, nacho kilihusu kupokea matangazo kutoka kwa wadhamini. Orodha iliyounganishwa nacho ilikuwa na kampuni 57. Cha pili kilihusu vidakuzi, nacho kilikuwa kimekwisha kutiwa alama ya vema. Asiyetaka alipaswa kuifuta. Mahakama iliamua kwamba alama iliyowekwa na kampuni si ridhaa ya mshiriki, na kwamba mtumiaji lazima aelezwe vidakuzi vitadumu kwa muda gani na kama kuna wengine watakaoweza kuvifikia.

Kwa lugha ya Austin, mahakama ilikuwa inauliza nani amesema. Alama ya vema ilikuwapo, lakini haikuwa ya mshiriki.

4.0 Kinywa cha nani?

Swali hilohilo linaweza kuelekezwa kwenye maandishi ya kitufe. Tazama miundo ifuatayo:

(1) Kubali.
(2) Nakubali.
(3) Kwa kuendelea kutumia tovuti hii, unakubaliana na matumizi ya vidakuzi.

Kiingereza, ambacho ndicho chanzo cha ilani nyingi, kina umbo moja la kitenzi linalotumika kwa amri na pia kwa kulitaja tendo bila nafsi. Msomaji wake anaweza kulichukulia neno la kwenye kitufe kuwa jina la tendo. Kiswahili hakina utata huo. Kulitaja tendo ni "kukubali". "Kubali" ni hali ya kuamuru, nafsi ya pili, umoja. Tafsiri iliyoonekana kuwa ya moja kwa moja imefuta usomaji mmoja na kuacha mwingine.

Inaweza kujibiwa kwamba vitufe vyote vya kompyuta huandikwa hivyo: tafuta, hifadhi, tuma, futa. Ni kweli, na jibu hilo linazidisha tatizo badala ya kulipunguza. Katika "tafuta" na "futa", anayeamuru ni mtumiaji na anayeamriwa ni mashine. Mtumiaji anabofya, mashine inatafuta. "Kubali" ikisomwa kwa kanuni hiyo, mtumiaji anaiamuru mashine ikubali, na atakayekuwa amekubali ni mashine. Ikisomwa kinyume chake, tovuti inamwamuru mtumiaji akubali, na kubofya kwake ni kutii. Katika usomaji wa kwanza mkubali si mtumiaji. Katika wa pili ni mtumiaji aliyeamriwa, ilhali sheria inadai hiari. Hakuna usomaji wa tatu.

Muundo wa (2) unatofautiana na wa (1) kwa silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo iliyobeba nafsi. Na- ni muungano wa kiambishi cha nafsi ya kwanza ni- na kiambishi cha wakati -a-. Ndilo umbo ambalo Kiswahili hulitumia katika kauli zinazotenda: naapa, naahidi, natangaza, nashuhudia. Anayekibofya kitufe cha (2) huazima maandishi yaliyoandikwa na mwingine na kuyafanya yake, kama anayeweka sahihi chini ya hati. Gharama ya kulibadili neno ni herufi mbili.

Muundo wa (3) ni wa zamani kidogo na bado haujatoweka. Hapa tovuti inamsemea mtumiaji kwa nafsi ya pili: u-na-kubali-an-a. Haimwombi kitu, inamtolea taarifa juu yake mwenyewe. Kauli ya kutendana, -an-, inaongeza jambo la kushangaza, kwani hudokeza pande mbili zilizozungumza hadi zikafikiana, kama katika "tumekubaliana bei". Mazungumzo hayo hayakuwapo. Zipo kauli za nafsi ya pili zinazotenda, kama za hakimu anayemwambia mshtakiwa kwamba anahukumiwa, lakini nguvu yake hutokana na cheo cha msemaji. Tovuti haina cheo cha kumtamkia mtu ridhaa yake. Utangulizi wa Kanuni ya Ulaya, katika aya yake ya 32, unasema wazi kwamba ukimya, visanduku vilivyotiwa alama mapema na kutotenda havihesabiwi kuwa ridhaa.

Kuna pia vitufe vya "Sawa" na "Nimeelewa". Kinachoelezwa hapo ni kwamba ujumbe umefika. Mtu aliyeelewa kwamba kuna mbwa mkali hajaridhia kuumwa.

5.0 Washiriki waliofichwa

Mtoa ridhaa akishapatikana, mpewa ridhaa naye hutafutwa. Sentensi ya kawaida ya ilani huwa hivi:

(4) Vidakuzi hutumika kuboresha huduma, na taarifa zinaweza kukusanywa kwa ajili ya matangazo.

Kitenzi "hutumika" kimo katika kauli ya kutendeka. Kauli ya kutendwa, hata pale mtendaji asipotajwa, huacha nafasi yake wazi: "hutumiwa" humruhusu msomaji aulize "na nani?" na lugha ina kihusishi cha kumjibu. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Kikombe kilichovunjika, kinyume na kilichovunjwa, hakina mvunjaji. Kidakuzi kinachotumika kimejitumikia. Juu ya hapo, kiambishi hu- cha mazoea kimeondoa wakati: haijulikani kama kimekwisha kuwekwa au kinangoja jibu. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa baadhi ya tovuti huweka vidakuzi kabla kitufe hakijaguswa, na sentensi ya (4) inabaki sahihi katika hali zote mbili.

"Kuboresha huduma" nako ni kuficha dhumuni kwa kulitaja jema. Kuhesabu wasomaji ni kuboresha huduma. Kuuza nafasi ya tangazo kwa bei inayolingana na tabia ya msomaji huweza nako kuitwa hivyo. Ridhaa mahususi inahitaji kitenzi mahususi.

Upatanisho wa kisarufi nao huleta sintofahamu pale kitufe kinaposema "Kubali zote". Zote ni ngapi, na ni za nini? Vidakuzi hutaka "vyote". Kiambishi z- kinaelekeza kwenye nomino nyingine, pengine taarifa, pengine sera, pengine kampuni ambazo majina yake yamo katika ukurasa mwingine. Mhakiki wa tafsiri angeliita kosa la upatanisho na kulisahihisha. Kwa uchambuzi wa ridhaa, kosa hilo limemtenga mtumiaji na kitu anachodaiwa kukikubali: kwa mujibu wa sarufi, hicho hakimo kwenye ilani.

Istilahi ya "vidakuzi muhimu" inastahili kuangaliwa peke yake. Maelekezo ya Ulaya ya 2002/58, kifungu cha 5(3), kama kilivyorekebishwa mwaka 2009, yanaruhusu kidakuzi kuwekwa bila ridhaa pale ambapo ni cha lazima kabisa ili kutoa huduma aliyoiomba mtumiaji mwenyewe. Kipimo ni ulazima, tena kwa upande wa mtumiaji. Muhimu ni neno la kadiri: jambo laweza kuwa muhimu sana, muhimu kidogo, muhimu kwangu na si kwako. Kwa mwenye tovuti, mapato ya matangazo ni muhimu. Kwa kuandika "muhimu" mahali pa "lazima", ilani imepanua mlango ambao sheria iliuacha wazi kidogo tu, na huenda mwandishi hakukusudia lolote baya.

Dhidi ya sentensi ya (4), sarufi ya Kiswahili inaweza kutoa hii:

(5) Ninairuhusu tovuti hii iweke kidakuzi cha kuhesabu wasomaji kwa siku 30. Hakuna kampuni nyingine itakayokisoma.

Neno la kwanza peke yake, ni-na-i-ruhusu, limebeba washiriki wawili: ni- ndiye mtoa ridhaa, na yambwa -i- ndiyo tovuti inayopewa. Kitenzi "iweke" kimo katika dhamira tegemezi, dhamira ya jambo linalongoja idhini, hivyo kinakiri kwamba bado halijatendeka. "Cha kuhesabu wasomaji" kinataja dhumuni na kupatana na kidakuzi. Kinachochukuliwa ni hesabu tu. Muda na wapokeaji wengine vimefuata. Sentensi ina maneno kumi na matano na inaenea kwenye kioo cha simu. Dai kwamba ilani kamili haiwezi kuwa fupi lina ukweli katika lugha nyingine. Katika lugha inayoweza kubeba kiima, wakati, yambwa na tendo ndani ya neno moja, dai hilo linahitaji kuthibitishwa upya.

6.0 Kukataa

Ridhaa ina maana pale tu ambapo kinyume chake kinaweza kusemwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa sababu katika tovuti zao kukubali kulihitaji bofyo moja, na kukataa kulihitaji mabofyo kadhaa. Upungufu huo hupimika kwa kuhesabu. Ule wa maneno hauhesabiki kirahisi.

Katika ilani za Kiswahili, mkabala wa "Kubali" mara nyingi si "Kataa". Huwa "Chaguo zaidi", "Dhibiti mapendeleo" au "Si sasa". Uteuzi huu unaangukia kwenye mazoea ya adabu ambayo wazungumzaji wanayo tayari. Kumkatalia mtu waziwazi ni jambo zito katika maongezi ya Kiswahili. Mualikwa asiyeweza kufika husema atajitahidi, na aliyeombwa fedha asizotaka kuzitoa husema ngoja kwanza. Anayesikiliza anaelewa na hafuatilii. "Si sasa" kati ya watu ni kukataa kwa heshima. Mashine haina masikio ya heshima hiyo. Huichukua kauli kama ilivyo, huhesabu siku, na kurudi kuuliza. Mtumiaji anayedhani amekataa amefungua ahadi ya kuulizwa tena, na siku atakapochoka ndiyo siku ambayo 1 itaandikwa.

Ni vema pia kuuliza "Kataa" inasema nini inapopatikana. Kwa kuwa nayo ni amri, ina kasoro ileile ya "Kubali", ingawa haimuumizi mtu: sheria haihitaji kauli yoyote ili mtu ahesabiwe kuwa hajaridhia. "Siruhusu" ingesaidia zaidi, kwa kuwa inapatana kwa umbo na "Naruhusu" na kuvifanya vitufe viwili vilingane kwa nafsi na kwa uzito.

7.0 Kutengua

Kifungu cha 7(3) cha Kanuni ya Ulaya kinataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi sawa na kuitoa, na sheria ya Kenya nayo inampa mhusika haki ya kuiondoa wakati wowote. Hapa Kiswahili kinakutana na pengo la kimofolojia. Lugha inayo kauli ya kutendua kwa vitenzi vingi vya asili ya Kibantu: funga na fungua, panga na pangua, tega na tegua. Kubali, ridhia na ruhusu vina asili ya Kiarabu na havikuipokea kauli hiyo. Hakuna kitenzi kimoja kilichojengwa juu ya kubali kinachomaanisha kukirudisha kilichokubaliwa. "Kataa" hakifai, kwani hukataliwa kile ambacho bado hakijakubaliwa. Vilivyobaki ni vitenzi vya kukopa kutoka nyanja nyingine: kubatilisha, ambacho hudai kwamba ridhaa ya awali haikuwa na nguvu tangu mwanzo, kutengua, kilichozoeleka kwa uteuzi na hukumu, ambako anayetengua huwa ni mkubwa, na kuondoa, ambacho ni chepesi na hakidai zaidi ya kinachosemwa. Kwa kitufe, "Naondoa ruhusa yangu" kinafaa kuliko vingine.

Kuna kitendawili cha kiufundi kinachokwenda sambamba na pengo hilo. Kwa kuwa mfumo wa kurasa hauna kumbukumbu, hata kukataa hakukumbukwi mpaka kuandikwe, na mahali pa kawaida pa kukuandika ni ndani ya kidakuzi. Asiyetaka vidakuzi huwekewa kimoja kinachosema kwamba havitaki. Akivifuta vyote, anafuta na ushahidi wa kukataa kwake, na ilani inarudi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoulizwa kuhusu msimbo wa herufi unaotumiwa na sekta ya matangazo kuhifadhi machaguo hayo, iliamua tarehe 7 Machi 2024 kwamba msimbo huo wenyewe ni data binafsi pale unapoweza kuunganishwa na mtu kwa njia kama anwani ya kifaa chake. Ndiyo ya mtu na hapana yake zote ni taarifa zinazomhusu.

Hivyo rekodi ya ridhaa yafaa ihifadhi zaidi ya tarakimu. Ikihifadhi 1 peke yake, hakuna atakayejua baadaye kama mtumiaji alikuwa mbele ya "Kubali", "Sawa" au "Ninairuhusu tovuti hii". Ikihifadhi sentensi yenyewe, lugha iliyoandikwa na tarehe, anayebeba mzigo wa kuthibitisha atakuwa na cha kuonesha, na mtumiaji atakapobofya "Naondoa ruhusa yangu" kitajulikana kinachoondolewa. Kidakuzi kimoja kina nafasi ya baiti zipatazo 4,096. Sentensi ya (5) haifiki 150.